Mawe Yako Motoni

Kijijini Naisogo, Taveuni,
Jumatatu, mvua imekatika

Mpendwa kaka yangu Ilaitia,

Salamu za Mama, za mume wangu Peniasi, za watoto na za nyumba nzima zikufikie hapo ulipo. Afya yako je? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia? Sisi huku tunapumua na tunakula. Macho ya Mama yamezidi kufifia. La kushoto sasa linaona mwanga tu. Lakini masikio yake ni yaleyale, na mdomo ndio usiseme. Jumapili iliyopita alimsikia mke wa jirani, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, akikosea wimbo, akamrekebisha papo hapo na ibada inaendelea.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ya huku unajua inavyosikilizwa: mmoja ameishika, wengine wote wameinama. Tena wewe ni kaka yangu, nami nililelewa nisikupandishie sauti wala nisikukatize maneno. Kwenye karatasi hutauona uso wangu, nami sitauona wako. Anayekuletea ni mke wa mchungaji, anakuja Sydney kumwona bintiye aliyejifungua. Ameniahidi ataiweka mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Isome ukiwa peke yako.

Tumeshazoea tena maisha ya kijijini tangu Peniasi alipostaafu kiwandani Labasa. Amejenga jiko jipya nyuma ya nyumba ya Mama, paa halivuji ila pale anaposimama yeye. Anapanda kava mlimani pamoja na Sakiusa, mizizi ya kunywa na ya kuuza. Huyo mpwa wako ungemwona usingemjua. Mabega yamekuwa kama mlango. Alitaka sana kuja huko kwenu kuchuma matunda. Walipokuja watu wa kuchagua vijana wa kazi za msimu, alikimbia na gunia la mchanga begani akawaacha wote nyuma. Hakuitwa. Hakuna kijana wa kijiji chetu anayeitwa siku hizi, na hakuna ajuaye sababu. Wapo wanaosema watu wa pwani ya pili wametuchongea. Basi Sakiusa anapanda kava, na haongei sana.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Lilianza dukani kwa Shiu.

Nilikwenda kununua unga na sabuni. Wanawake walikuwa wamejazana mbele ya kaunta, na Shiu, ambaye nywele zimekuwa nyeupe lakini maneno hayajapungua, alikuwa akiwaapia kwamba sukari itakuja na meli ya Alhamisi bila shaka yoyote. Mmoja akamjibu, “Mawe yako motoni, Shiu!” Duka zima likaangua kicheko. Shiu mwenyewe alicheka hadi akashika mizani. Na mimi nikacheka, maana mtu aliyekaa mbali akirudi kwao hucheka na wenzake kwanza, kisha huuliza maana. Ndipo wakaniona. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa waya. Yule aliyesema akauliza bei ya kiberiti, bei ambayo kila mtoto anaijua. Shiu akanifungia unga wangu haraka, akaniongezea peremende, akasema ni za watoto. Watoto gani? Mereoni na Sakiusa wote wamenipita kimo.

Njia nzima niliyageuzageuza maneno yale. Mawe motoni tunayajua wote. Ukiona mawe ya tanuri yanapashwa, basi shimo limechimbwa, nguruwe amechinjwa, magimbi yamemenywa, na kuna mgeni. Lakini sukari na tanuri vinahusiana nini? Na kwa nini maneno hayo yasemwe nisipokuwepo, yakome nikitokea?

Nikayasikia tena kwenye ukumbi wa wanawake, tunasuka mikeka ya mkadi kwa ajili ya harusi. Msichana mmoja alikuwa akitusimulia kwamba mchumba wake ataleta wazee wake kuposa, safari hii kweli, amesema mwenyewe. Shangazi Viniana, bila kuinua macho kwenye kazi yake wala kukumbuka kwamba nipo, akasema, “Mawe yako motoni, mwanangu.” Wakaguna wote kwa kicheko, hata msichana mwenyewe. Mimi nikauliza waziwazi, “Shangazi, ni mawe gani hayo?”

Mikono yote ikasimama. Viniana akasema ni mawe tu, mawe ya kupikia, kwani huko Labasa hatukuwa na mawe? Kisha akaanza kuusifu ukingo wa mkeka wangu, mkeka uleule ambao muda mfupi kabla alikuwa ameniamuru niufumue kwa sababu umekwenda upande. Hapo nikajua nadanganywa. Watu wazima hawasifu mkeka uliopinda bure.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Nikipita, naona vichwa vinageuka. Nikisalimiwa, nasikiliza salamu ilivyokaa, kama kuna kitu nyuma yake. Nilijiuliza hata hayo mawe ni ya nani. Walisema mawe yapo motoni, au walisema ni mawe yangu mimi? Nilipekua maisha yangu yote nikitafuta jambo ambalo watu wangelifichia maneno, nikakuta mambo madogo madogo ya aibu ya kila mtu, lakini hakuna la kuchekesha duka zima.

Kisha yakaingia nyumbani kwangu. Binamu Emosi huja jioni kunywa kava na Peniasi. Unawajua watani hao, hawajaambiana neno la heshima tangu utotoni. Peniasi alikuwa akieleza nyumba ya matofali atakayojenga, na vyumba vyake, na baraza yake. Emosi akamtupia, “Mawe yako motoni, mzee!” Wanaume wakapiga makofi. Peniasi akacheka, halafu akageuka kuangalia jikoni nilikokuwa. Kaka, nimeishi na mwanaume huyo tangu akiwa na nywele. Ule ulikuwa mtazamo wa mtu anayetaka kujua kama mkewe amesikia.

Walipoondoka nikamuuliza. Akasema ni utani wa wanaume, nisiujali. Nikamwambia utani wake nimeuelewa miaka yote, huu una nini? Akachukua bakuli la kava akaenda kuliosha mwenyewe. Peniasi, kuosha bakuli! Nikasema basi, kuna mwanamke. Kitu kinachopashwa moto pembeni, kijiji kizima kinakijua ila mwenye nyumba. Maana gani nyingine ingekuwepo? Nilinusa mashati yake. Yalinuka moshi. Siku ya meli aliposema anakwenda gatini, nilimfuata kwa mbali nikijifanya natafuta samaki, nikamkuta amekaa juu ya gunia la nazi anabishana habari za raga na mzee asiye na meno. Aliponiona akanisogezea nafasi nikae. Nilikaa. Niliona aibu, lakini shaka haikuniisha, maana mtu anayefuatwa anaweza kuwa amejua kwamba anafuatwa.

La Mereoni ndilo linaloniuma zaidi. Alimaliza chuo cha ualimu, akarudi kungoja kupangiwa shule. Siku zile alikuwa hali asubuhi, analala mchana, uso umesawijika. Tulikuwa tunapita karibu na kanisa, mimi nimebaki nyuma kidogo, wasichana wenzake wakamwita kutoka upande wa pili, “Mereoni! Mawe yako motoni, eeh?” Akainamisha kichwa, akajishika tumbo. Kumbe hii ndiyo maana! Kitu kimefunikwa, kinaiva taratibu, siku yake ikifika kitafunuliwa mbele ya watu wote. Kila kitu kikakaa mahali pake: kimya cha dukani, kimya cha Viniana, macho ya Peniasi. Wote walijua, na mama mtu ndiye wa mwisho.

Nilimfungia jikoni nikamuuliza ni nani huyo mwanaume. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinitazama kama hanijui. Akalia, kisha akiwa bado analia akacheka, kicheko kibaya, akaniambia hana mimba wala mwanaume. Tumbo linamuuma kwa mawazo. Aliwaambia wenzake kwamba ajira yake itatoka mwisho wa mwezi, mwezi ukaisha, ukaisha na mwingine, na sasa kila wakimwona humwambia hivyo.

“Ndiyo maana yake, Mama. Kitu kinachosubiriwa na hakiji. Barabara ya lami, mawe yako motoni. Sukari ya Shiu, mawe yako motoni. Hata mwalimu mkuu anasema. Wewe tu ndiye hujui.”

Nikamuuliza, kama ni hilo tu, mbona nafichwa kama mwizi? Akafuta pua kwa kiganja. Akasema nimuulize Bibi, maana wao wamekatazwa. Wamekatazwa na nani? Na Bibi mwenyewe.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi kwa kupapasa. Nikamwambia nataka kujua maneno ya mawe yametoka wapi na kwa nini nyumba yangu inafichwa. Hakuacha kukuna. Alisema, “Nilijiuliza utachelewa mpaka lini. Ulikuwa mpelelezi tangu mdogo.” Kisha akanisimulia.

Alisema Krismasi ya kwanza baada ya wewe kuondoka, ulipiga simu ukasema, Mama, pasheni mawe, nakuja. Sisi Labasa ulituambia umechelewa, tukakubali, wala hatukuuliza huku kulikuwaje. Huku alichinjwa nguruwe. Watoto wa shule walifundishwa wimbo. Wanawake walisuka mashada ya maua, Mama akatandika ule mkeka wenye nyuzi nyekundu. Wote wakaenda gatini. Abiria wakashuka mpaka wakaisha, wa mwisho alikuwa polisi aliyebeba kuku. Watu wakarudi, na tanuri lilikuwa limeshaiva, basi wakala. Mama alisema walikula kimya kama watu waliotoka kuzika, na mkeka ule ukakunjwa bila kukaliwa. Mwaka uliofuata ulipiga tena simu, ukasema vilevile, wakapasha tena. Wa tatu ulipopiga, hakumwagiza mtu apashe mawe. Lakini Shiu alimuuliza dukani, mbele ya watu, kama mwanawe atakuja. Mama akaona nyuso zote zimemgeukia, nyingine za huruma, nyingine zina jambo zaidi ya huruma. Akamkonyeza Shiu, akasema, “Mawe yako motoni!” Duka likacheka hadi unga ukamwagika. Kuanzia hapo maneno yakatembea yenyewe. Siku hizi hata ng'ambo huko Savusavu wanayasema, hawajui yalikotoka. Tuliporudi sisi, akawakataza wote wasiyaseme mbele yangu, akasema nitaumia kwa ajili yako.

Nikamwambia nimeumia kweli. Nikamuuliza ni mama gani anayemfanya mwanawe kichekesho cha kisiwa kizima.

Hapo ndipo aliacha kukuna. Akanyoosha mkono akautafuta wangu, akaniambia nifunge mlango.

Sasa hili nalisema polepole, maana unalijua. Alinieleza kwamba baada ya ile Krismasi ya kwanza ulimpigia ukiwa peke yako, ukalia. Ukamwambia ulitoroka shambani msimu haujaisha, ukahama mji, unafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, na ukitoka nchi hiyo hutaruhusiwa kurudi. Ukamwomba asimwambie mtu yeyote, hata mimi. Akakuahidi. Halafu watu wa kuchagua vijana wakaacha kuita vijana wetu, na Mama, ambaye hajasoma zaidi ya Biblia, akajumlisha mwenyewe. Kijiji ambacho kijana wake ametoroka hakiaminiwi tena. Alisema kila walipokaa kujadili ni nani ametuharibia, aliogopa kwamba mtu atauliza, huyu Ilaitia haji kwa nini hasa? Basi akawapa kitu cha kucheka. Wakamchukulia kuwa ni mama wa mwana msahaulifu, muongo kidogo, mpenda ahadi. Hilo aliliweza. Hata simu zako za kila Krismasi alijua unazipiga kwa sababu watu wamekaa karibu naye wanasikiliza, na akakujibu kwa furaha, hata akaacha mawe yapashwe mwaka wa pili, kwa sababu hiyohiyo. Ninyi wawili mmecheza mchezo huo, na sisi wengine tumekuwa watazamaji.

Kaka, dirisha lilikuwa wazi. Nje nilimwona Sakiusa anasugua panga lake kwenye jiwe, amevua shati, na yale mabega. Sitakudanganya kwamba nilikuhurumia. Nilitamani uwe mbele yangu, mwiko au si mwiko. Nikamuuliza Mama kama alipokuwa akimwona mjukuu wake anakimbia na mchanga begani alijua kwamba anakimbia bure. Akasema alijua. Akasema ndiyo maana siku ile hakutoka nje kumshangilia, na mimi nilidhani ni miguu.

Hakuniomba ninyamaze. Alisema macho yanaondoka na yeye ataondoka, na hataki kuniachia kitu hiki nikibebe kama alivyokibeba. Akaniambia nimtolee sandukuni lile jino la nyangumi, la kuombea msamaha, lililobaki kwenye msiba wa Baba. Nikamweleza Peniasi. Alitafuta shati safi.

Tulikwenda kwa chifu Jumamosi ya majuma mawili yaliyopita. Peniasi ndiye aliyelishika jino akaomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu, akaeleza yote, jina lako na ulilofanya. Mama alikaa nyuma yake, kichwa chini, mikono juu ya magoti. Kwa hiyo ujue, kaka: kijiji kizima kinajua. Ahadi aliyokupa ameivunja yeye mwenyewe mbele ya watu, kwa hiari yake, na alitaka uambiwe hivyo na mimi, usije ukasikia kwa mtu.

Emosi ana wana wawili wanaongoja kama Sakiusa. Alisimama akatoka, na mpaka leo hajatia mguu kwetu. Peniasi humwekea kikombe jioni, kisha anakinywa yeye. Wengine walilia. Viniana alitoka pale alipokaa akaja kukaa kando ya Mama, akamshika kiwiko. Chifu alilipokea jino. Alisema makosa ni ya kijana, lakini mzigo umebebwa na bibi kizee, na hilo ndilo lililomuumiza. Akasema wewe ukijitokeza na kurudi, yeye na wazee watakwenda wenyewe kwa watu wa kuchagua vijana, waeleze habari zako na kuomba kijiji kifunguliwe. Hakuahidi kwamba watakubaliwa.

Sakiusa alikuwepo. Aliondoka na panga lake akaenda mlimani, akarudi jioni na mzigo wa kuni, akaziweka mlangoni kwa Mama, akazipanga. Nimemuuliza kama ana salamu za kukutumia. Amesema bado. Sitakutungia salamu zisizokuwepo.

Juzi Shiu alisahau akamtania mtu dukani kwa yale maneno. Hakuna aliyecheka, na yeye akajifanya anapanga makopo.

Nimeyafikiria sana haya ya kuandika, na sina ukali uliobaki wa kukuonyesha. Kule uliko kuna ofisi. Nenda ukajitaje kwa jina lako. Kama watakurudisha, wakurudishe. Chumba chako kina magunia ya kava, lakini magunia yanahamishika. Baba aliacha ardhi upande wa mto, haijaguswa.

Mama yuko hapa kando yangu, nimemsomea yote. Amenisahihisha mahali pawili: anasema polisi alibeba bata, si kuku, na kwamba unga haukumwagika, ni mimi naongeza. Ana ombi moja. Ukipiga simu, usimtajie siku ya kuja. Usimtajie mwezi, wala Krismasi, wala Pasaka. Mwambie umekula nini. Mwambie unalala wapi na ni nani anayekufulia nguo. Anasema hajasikia jambo la kweli kutoka kwako tangu siku ile uliyolia, na angependa kulisikia lingine kabla masikio hayajafuata macho.

Usalimiwe na Peniasi. Usalimiwe na Mereoni, ambaye amenisamehe kwa mdomo na moyo unafuata taratibu. Mungu akulinde usiku na mchana, akupe ujasiri.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Unaisi